Baba Anamnywesha Mtoto Bia kwa Sababu Tumepata Uhuru

Kwako Bi Mwaija, mshauri wetu wa gazetini,

Shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa hapa Mabatini, na ninakuandikia nikiwa nimechoka, wala si uchovu wa kazi maana kazi nimeizoea, nimechoka kusema jambo lile lile kila siku ndani ya nyumba yangu na kuonekana kichaa, ndiyo nikaona nikueleze wewe, uniambie kama kweli kichaa ni mimi au ni hawa wengine.

Mume wangu anaitwa Maige, ni fundi wa mashine katika kiwanda cha kuchambua pamba, na kabla sijaeleza yaliyonifika niseme kwanza kwamba si mtu mbaya, hajawahi kuninyanyulia mkono, watoto hawajawahi kulala njaa, na mtoto wetu mkubwa, Chenge, ambaye anaingia miaka kumi na mitatu, yuko shule kwa sababu baba yake aliwakatalia ndugu zake waliotaka akachunge ng'ombe. Mtoto wa pili ni Minza, msichana, ana miaka mitano. Tunakaa pia na mama mkwe wangu aliyetoka Kwimba baada ya kufiwa. Maige anakunywa, nilimkuta anakunywa, na kwa hilo sikuwa na neno, maana alikuwa akinywa na wenzake na akirudi analala.

Mambo yaliharibika siku ya Uhuru, Desemba iliyopita. Maige alinunua kreti zima la bia akawaita majirani uani kwetu, watu wakajaa mpaka juu ya yale mawe nyuma ya nyumba, kila mtu ana furaha na mimi nikiwemo, na katikati ya furaha hiyo Maige akajaza glasi akamwita Chenge mbele ya watu wote. Akamwambia, "Njoo hapa. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina mke, nikaambiwa na mzungu kwamba bia ya chupa si kinywaji cha Mwafrika, nikiitaka nikaombe kibali. Wewe una bahati. Hutaomba kibali kwa mtu." Chenge akanywa, akakunja uso, watu wakapiga makofi, na kusema kweli hata mimi nilicheka, maana nilidhani ni ya siku ile tu, kama vile watu walivyochinja mbuzi siku ile na kesho yake wakarudia dagaa.

Haikuwa ya siku ile tu. Jumamosi iliyofuata wakaja rafiki zake wa kiwandani, yupo mmoja anaitwa Ngosha ambaye ndiye mkubwa wao kwa makelele, wakamwita Chenge, wakampa glasi, na bia ilipomwingia kichwani mtoto akapanda juu ya kreti akaanza kumwiga Bwana Shauri, yule mkuu wa wilaya wa kizungu, akihutubia watu, anashika kiuno, anaongea Kiswahili cha kupinda midomo, anakasirikia watu wasiolipa kodi ya kichwa, wakacheka mpaka Ngosha akaanguka kwenye mkeka. Wakampa nyingine. Tangu hapo kila Jumamosi ni hivyo, wageni wakifika hawaulizi tena habari za nyumbani, wanauliza, "Bwana Shauri yuko wapi?" na mtoto wangu anatoka, ananyweshwa, anapanda kreti.

Nilisema, Bi Mwaija, usidhani sikusema. Nilimwambia Maige, "Mtoto huyu ana shule Jumatatu," akanijibu, "Leo ni Jumamosi." Nilimwambia mwalimu ameniita, anasema Chenge anasinzia darasani na hesabu zimemshinda, akasema mwalimu naye ajifunze kufundisha. Nilimwambia hata sheria haitaki watoto wanyweshwe pombe, akacheka, akasema sheria hizo ziliandikwa na watu waliomkataza yeye mwenyewe, sasa nchi ni yetu, je, baada ya kukatazwa na mzungu sasa akatazwe na mke? Tena ana maneno yake mengine ambayo nusu ya Mabatini wanayakubali, anasema mtoto akinywea nyumbani mbele ya baba yake anajifunza kiasi, lakini ukimkataza atakwenda kunywea vichochoroni na watu wasiojulikana, awe mlevi kabisa. Mama mkwe naye anasema kwao watoto hulambishwa pombe ya mtama tangu wananyonya na hakuna aliyekufa, na mimi nikimwambia kulamba kidole si kumaliza glasi mbili, anageukia ukuta ananung'unika kwamba wanawake wa Ukerewe tuna midomo. Basi nikanyamaza. Jumamosi zikaendelea, mimi nakaanga samaki, nasafisha glasi, nanyamaza.

Sasa nikueleze lililotokea. Ngosha alikuja na chupa ya moshi, ile pombe kali ya kukeneka inayouzwa kwa kujificha, wakanywa nusu, nusu ikabaki, akaificha nyuma ya mtungi wa maji kwetu ili aje kuimalizia, wala hakuna aliyeniambia. Siku mbili tatu baadaye Maige yuko kazini, mama mkwe kalala ndani, mimi nikashuka ziwani kufua. Wakati narudi na karai la nguo kichwani nikasikia watoto wetu na wa majirani wanacheka nyuma ya nyumba, wanapiga makofi, wanaimba, nikasema moyoni afadhali wanacheza. Nilipoanza kuanika nguo kicheko kikakatika ghafla, ndicho kilichonishtua.

Nikazunguka nikawakuta. Walikuwa wanacheza sherehe ya Uhuru. Walikuwa wamepanga mawe kama viti vya wageni, kreti katikati, na Minza yupo chini pembeni ya kreti, macho yake yamefunguka nusu, Chenge amepiga magoti anampigapiga mashavuni, anamwambia, "Amka Minza, bado zamu yako." Nikamshika mwanangu, baridi kama samaki, jasho limemtoka mwili mzima, anapumua halafu anakaa kama amesahau kupumua. Nikasema, "Umempa nini?" Chenge akanionyesha kikombe, akasema, "Nilimpa kwa kiasi, mama. Nilichanganya na sukari. Alikuwa anacheza vizuri, wote wakamcheka."

Kwa kiasi, Bi Mwaija. Neno lile lile.

Nilimbeba nikakimbia naye barabarani, sikumbuki hata kama nilikuwa nimevaa kanga sawasawa. Hasham mwenye duka pale kona akaniona, hakuuliza, aliacha wateja dukani akawasha pikapu yake, tukaenda hospitali anapiga honi njia nzima, Chenge kaning'inia nyuma kwa sababu sikuwa na akili ya kumwambia abaki. Hasham tena ndiye aliyekwenda kiwandani kumwita Maige.

Maige alifika nywele zimejaa vumbi la pamba, na daktari ndiyo kwanza amefika, anauliza mtoto amekunywa nini. Kabla sijafungua mdomo Maige akasema, "Mafuta ya taa, daktari. Alidhani ni maji."

Nikamtazama mume wangu. Daktari alikuwa ameshageuka kumwambia muuguzi alete vitu vya mtu aliyekunywa mafuta. Nikasema, "Si mafuta ya taa. Amekunywa moshi."

Daktari akasimama. "Moshi? Mtoto huyu?"

"Ndiyo."

"Nani aliyempa?"

Nikasema, "Kaka yake, yule pale."

Watu wote wa pale wakamgeukia Chenge mlangoni. Maige akatoka nje.

Minza alitiwa maji ya mshipa, tukakaa naye, mpaka kesho yake akafungua macho akaomba uji. Daktari akaniambia angecheleweshwa, au angetibiwa kama mtu wa mafuta, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Sasa yuko nyumbani, anakula, ila hana nguvu, na usingizini anashtuka.

Wewe utadhani baada ya hapo nyumba ilipata akili. Jumamosi iliyofuata, mtoto bado hajaweza kutembea sawasawa, wageni wale wale wakaja kutoa pole na chupa zao mkononi. Maige akasema kosa lilikuwa moshi, bia haina kosa, na kama Chenge angekuwa amefundishwa vizuri asingefanya ujinga ule. Akajaza glasi, akasema, "Njoo unywe kama mwanamume, siyo kuiba kama mwizi." Chenge akaja, akasimama, mikono ameweka nyuma. Akasema, "Sitaki, baba." Ngosha akacheka, akasema Bwana Shauri amekuwa padri. Maige akamwambia mara ya pili, mtoto akasema tena, "Sitaki." Maige akampiga kofi mbele ya watu, kofi la kwanza tangu azaliwe, na usiku ule akasema mtoto asiyemheshimu baba yake hafai kusomeshwa, muhula huu ukiisha atakwenda Kwimba kwa baba yake mkubwa akachunge ng'ombe. Yeye, aliyewakatalia ndugu zake hilo hilo.

Na mimi nina kesi yangu. Ndugu za mume wamekutana, wanasema nimemvua nguo mume wangu mbele ya daktari na muuguzi, mke mwenye adabu angeacha neno la mume lisimame, kwa hiyo lazima nimwombe radhi mbele ya wazee, na Maige hasemi nami mpaka nifanye hivyo. Mama yangu mzazi ameniletea ujumbe kutoka Ukerewe kwamba nichukue watoto nipande meli niende nyumbani.

Sasa nauliza, Bi Mwaija. Je, ni kweli mtoto akifundishwa kunywa na wazazi wake ndiyo atajua kiasi, au ninadanganywa? Je, niombe radhi kwa kusema kweli? Je, niondoke? Na Chenge nimfanye nini, maana hasemi na mtu, kila asubuhi anakwenda kusimama pembeni ya mkeka wa Minza anamtazama kifua kama kinapanda, halafu ndiyo anakwenda shule. Nyumba yetu ni ya tatu ukitoka duka la Hasham, kama utaweza kuja kumwona mgonjwa utatukuta.

Ni mimi, Tereza


MSHAURI ANAJIBU

Tereza, marahaba. Pole kwa Minza, na shukuru Mungu kwa Hasham na pikapu yake. Pole nimemaliza, sasa tuseme.

Jibu la swali lako la kwanza ni hapana. Hapana kwa bia, hapana kwa pombe ya mtama, hapana kwa glasi nzima, hapana kwa nusu, hapana siku ya Uhuru na siku ya harusi. Mimi ni Mwislamu, pombe haijapita kinywani mwangu, na nyinyi mnaokunywa hupenda kuniambia kwamba sijui ninachosema. Haya, tuache dini yangu pembeni, tutumie macho tu. Mumeo alimfundisha mtoto kunywa kwa kiasi nyumbani mbele ya baba. Mtoto akajifunza. Alijifunza kwamba ukimpa mdogo pombe anachekesha, na watu wakicheka unamwongeza. Hilo ndilo somo alilofundishwa Jumamosi baada ya Jumamosi na walimu wenye ndevu, naye akalifanyia kazi kwa mdogo wake neno kwa neno, hata sukari akaweka kwa huruma. Sasa mnashangaa nini?

Na maneno ya vichochoroni nimeyachoka. Mwezi huu peke yake nimepata barua za akina baba wanaouliza mtoto aanze kunywa akiwa na miaka mingapi, kila mmoja ananiambia anamkinga na vichochoro. Kama kichochoroni kuna kisu, humkati mtoto wako nyumbani ili azoee. Mwili wa mtoto ni mdogo, ini lake dogo, kichwa chake ndiyo kwanza kinajengwa. Mwalimu alikuambia anasinzia na hesabu zimemshinda. Hiyo ilikuwa barua ya mwili wake, na hamkuisoma.

Uhuru nao muuache. Watu hawakutembea na kadi za chama mifukoni miaka yote ile ili watoto wa darasa la sita walewe. Mkoloni alikuwa mjinga kumkataza mtu mzima asinywe kwa sababu ya ngozi yake. Kumkataza mtoto kwa sababu ni mtoto si ukoloni, ni ulezi, na kila kabila la ziwa hili lilikuwa na adabu zake za pombe kabla mzungu hajafika. Mwulize mama mkwe wako, lakini umsalimie kwanza, vijana siku zote walikuwa wakikaa na mtungi pamoja na wazee? Mimi nilimwuliza.

Ndiyo, nilikuja. Uliandika mahali mnapokaa, na mgonjwa huendewa kuangaliwa. Wewe ulikuwa umekwenda sokoni. Mama mkwe wako alinikaribisha vizuri, akanipa kiti kizuri kuliko chake. Nilipomwuliza hilo la mtungi alifikiri kidogo, akasema, "Hapana. Tulipokuwa wasichana tungekaribia mtungi wa wazee tungepigwa fimbo." Nikasema, "Basi kulambishwa kule?" Akasema, "Kulikuwa kidole tu, mtoto akiwa na tumbo." Mwanamke yule si adui yako, Tereza. Anamtetea mwanawe, kama wewe utakavyomtetea Chenge mbele ya mke wake siku moja.

Maige alikuwa nyumbani, zamu yake ilikuwa ya usiku. Nikamwuliza hali ya mtoto, akasema, "Anaendelea vizuri, mama. Ilikuwa bahati mbaya, yule mkubwa ndiye mtundu." Nikasema nimesikia kwamba yule mkubwa ni mchekeshaji. Basi uso ukamfunguka, akanieleza habari za Bwana Shauri na kreti, akaniigizia sauti, na sitakudanganya, nilicheka. Tulipomaliza kucheka nikamwuliza, "Na akiwa hajanywa, anapenda nini?"

Akasema, "Anapenda nini vipi?"

"Mtoto wako. Anapenda kitu gani?"

Akafikiri. Akasema, "Mpira. Anapenda mpira."

Mama yake akasema kutoka ndani, "Mpira hapendi. Ameuogopa tangu alipoumia goti."

Maige akageukia mlango wa ndani. Nami nikangoja, maana mtu akinyamaza hivyo usimsaidie. Baadaye akaanza kunieleza jambo ambalo sijui kama amewahi kukueleza wewe. Alipokuwa kijana alifanya kazi nyumbani kwa mzungu mmoja hapa Mwanza. Siku moja wageni walipoondoka mezani akamalizia bia iliyobaki katika glasi. Yule bwana akasikia harufu. Akamleta sebuleni mbele ya wageni, akamwambia ampulizie pumzi kila mmoja, mmoja baada ya mwingine, wakaziba pua, wakacheka. Ndiyo akafukuzwa kazi. Maige akaniambia, "Niliapa mwanangu atakunywa glasi nzima, mbele ya watu, na hakuna atakayemfukuza."

Nikamwambia, "Nimekuelewa, na walikukosea sana. Lakini niambie, walikusimamisha mbele ya wageni wakakucheka?"

"Ndiyo."

"Na Chenge mnamsimamisha wapi?"

Alikasirika. Aliniambia si sawa hata kidogo, kwamba wale walikuwa wageni wa mzungu na yeye ni baba. Nikamwacha amalize. Nikanyanyuka, nikamwombea Minza dua, nikaaga. Akanisindikiza mpaka barabarani kama adabu inavyotaka, na pale mbele ya duka la Hasham akasema bila kunitazama, "Kwimba hataenda." Nikamwuliza, "Na Jumamosi?" Akasema, "Hilo niache kwanza." Nikamwambia kwamba umeniandikia na kwamba nitajibu gazetini, majina nitabadilisha. Akasema, "Andika, lakini usiandike jina la kiwanda." Sikuandika.

Hilo ndilo nililokupatia, Tereza, na si yote. Yaliyobaki ni kazi yako, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Kwa ukweli uliosema hospitali usimwombe radhi mtu yeyote. Ukweli ule ndio uliomfanya Minza aombe uji kesho yake. Wazee wakikuita nenda, piga magoti, salimia, kisha waambie kwa heshima kwamba utamwomba mume wako radhi siku watakapokuonyesha mke mwema anayemwacha mtoto afe ili neno la mume lisimame. Sema polepole, usipandishe sauti, urudi nyumbani ukapike.

Lakini usiondoke hapo ukijiona malaika, maana wewe nawe nina neno nawe. Ulicheka siku ya kwanza, hilo nakusamehe, kila mtu alikuwa anacheka siku ile. Baadaye ulisema, ukakataliwa, ukanyamaza, ukaanza kuosha glasi. Mama, mikono iliyoosha glasi ile ingeweza kuikataa. Ungeweza kumshika mtoto mkono Jumamosi mchana ukaenda naye kwa shangazi, kanisani, popote. Ungeweza kumwambia Ngosha mlangoni kwamba nyumba hii haina Bwana Shauri. Ulichagua amani ya jikoni.

Tena kuna jambo kubwa zaidi, na nimelisoma mara mbili katika barua yako nikaona hukuliona. Daktari alipouliza nani alimpa, ulisema, "Kaka yake, yule pale." Ni kweli, alimpa. Lakini chupa aliileta Ngosha, akaificha nyumbani kwa baba, somo alifundishwa na ukumbi mzima wa watu wazima, na wewe ulimnyooshea kidole mtoto mmoja aliyesimama mlangoni. Yeye tangu siku ile amelibeba. Halafu mlipomletea glasi tena, mtoto huyo huyo akaweka mikono nyuma akasema hataki, mara mbili, mbele ya wanaume wote wale, akala kofi. Katika nyumba yenu yote, mwenye akili siku ile alikuwa yeye peke yake, na mkataka kumpeleka machungani.

Kuhusu Ukerewe, usiende sasa. Mume wako hajawa mlevi wa kuvunja nyumba, na ameanza kufikiri, nami nimemwona anavyofikiri, inamuuma. Mpe nafasi. Lakini mwambie wazi, wakati hajanywa, asubuhi akitoka zamu na ameshakula: rafiki zake wakanywe kilabuni, chupa zisilale chini ya paa lenye watoto, na siku mtoto yeyote wa nyumba hii atakapopewa tena glasi, hutagombana wala hutalia, utachukua watoto wote wawili upande meli, na wazee wa pande zote mbili watakuja kuzungumza ukiwa kwa mama yako. Usiliseme kama kitisho kila wiki mpaka likazoeleka. Sema mara moja. Kama siku hiyo ikifika, ondoka kweli.

Ngosha akija na moshi, mkute mlangoni umrudishe na chupa yake. Akikuita mkali, mkubalie. Kwa mwalimu nenda mwenyewe, umweleze kwa nini mtoto alikuwa anasinzia, asije akaendelea kumchapa kwa uvivu asiokuwa nao.

Na Maige, kwa kuwa najua unasoma: nakupa pole kwa yale ya sebuleni kwa mzungu, ninayasema kwa moyo wote. Kaa na mwanao bila glasi, umwulize anapenda nini. Usipojua la kuanzia, mwulize mama yako.

Sasa la mwisho, Tereza, na hili lisisubiri. Chenge akirudi kutoka shule leo, usimtume maji wala kuni. Mketishe karibu na Minza, amwone anavyocheza na anavyokula. Mwambie kwamba chupa haikuwa yake na mchezo ule hakuubuni yeye. Mwambie kwamba pale hospitali ulipaswa kusema "sisi" na ukasema "yeye." Atanyamaza, labda atalia, labda atataka kutoka nje, umwache. Lakini usimwambie kwamba umemsamehe. Mwombe yeye akusamehe wewe, na ukimaliza, baba yake naye aje amwombe.